Karani wa Kadi Moja

Siku ya kwanza nilipofika kwenye zahanati ile, hakuna aliyeniuliza jina. Niliteremka kwenye trela la trekta la shamba la ngano, nywele zimejaa vumbi, sanduku la bati mkononi, nikamkuta mzee mmoja amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Alikuwa ananitazama miguu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeandikwa wapi?"

Nikamtajia chuo nilichosomea uuguzi. Akatikisa kichwa.

"Sikuulizi shule, binti. Ukiugua leo, unatibiwa kwa kadi ya nani?"

Nikasema baba yangu, kule juu Mbulu, alikuwa bado ameniweka kwenye kadi yake ya mfuko wa afya. Mzee akasimama, akachomoa penseli nyuma ya sikio, akaandika kitu kwenye kiganja cha mkono wake.

"Kule ufutwe kwanza," akasema, "ndipo hapa uandikwe. Mgonjwa mmoja, kadi moja."

Nilicheka, nikajua ni utani wa kumkaribisha mgeni. Kumbe hakuwa na utani. Wiki hiyohiyo aliandika barua kwa karani mwenzake wa Mbulu, ikasema kwa ufupi kwamba binti aliyetajwa hapo juu hayupo tena, afutwe. Yule mwenzake akakutana na mama yangu mnadani, akampa pole. Mama akaangua kilio katikati ya magunia ya maharage. Siku mbili baadaye baba alifika zahanati akiwa amevaa koti lake la msibani, akanikuta nachemsha sindano. Alinishika mabega, akanigeuza huku na huku, asiamini. Kabla hajaniachia, mzee akatokea mlangoni na kigoda chake mkononi.

"Karibu sana, mzee mwenzangu. Pole na safari. Na wewe umeandikwa wapi?"

Hivyo ndivyo nilivyomfahamu mtu niliyefanya naye kazi miaka mingi kuliko niliyokaa na wazazi wangu. Tulimwita Karani. Wagonjwa walimwita Karani, mganga wa zahanati alimwita Karani, na hata mkewe, mama mpole mwenye cheko la ghafla, alimwita Karani akimwekea chai mezani.

Sitasimulia alizaliwa wapi wala ukoo wake, maana hayo angeyasimulia mwenyewe vizuri zaidi, na kwa sauti kubwa zaidi. Nitasema tu kwamba kabla ya kuja kwetu alikuwa mtunza muda kwenye geti la shamba la ngano la serikali, lile lililoenea tambarare mpaka macho yanachoka, na mlima Hanang ukiwa umesimama pembeni. Kila alfajiri alisimama getini kuandika nani ameingia kazini. Nanyi mnaoijua baridi ya kule mnajua watu hutembeaje asubuhi: blanketi limefunikwa kuanzia kichwani, yanaonekana macho tu, na upepo ukizidi hata macho hayaonekani. Karani akajifunza kuwatambua watu kwa kile kilichobaki nje, yaani miguu. Alijua nani anavuta wa kushoto, nani anakanyaga kwa nje, nani ana kidole kilichokatwa na jembe la diski. Alikuja zahanati na elimu hiyo, ndiyo maana alikalia kigoda. Meza tulimpa, akawa anawekea kofia.

Elimu hiyo ilikuwa na kasoro moja. Mtu akinunua viatu vipya, Karani alimpoteza. Kila mwaka baada ya mavuno, watu wakishapata fedha ya kwenda dukani Katesh, alikuwa na mwezi mzima wa mateso.

*

Lazima nieleze alikuwa anapigana na nini, la sivyo mtu atadhani alikuwa mkorofi tu.

Zahanati yetu ilikuwa na walipaji wawili. Shamba la ngano lilitulipa kwa kila mfanyakazi tuliyemtibu, pamoja na mke na watoto wake. Kijiji nacho kilikuwa na mfuko wa afya: kila kaya ilichanga mara moja kwa mwaka, ikapewa kadi, na kila kadi ilipotumika mfuko ulitulipa. Sasa kaya nyingi zilikuwa kote kuwili. Baba yuko kwenye orodha ya shamba, mama amenunua kadi ya kijiji, na mtoto mmoja akikohoa zinajazwa karatasi mbili, kikohozi kimoja kinalipiwa mara mbili. Mganga aliyekuwepo kabla sijafika hakuona tatizo. Tatizo lilionekana masika, mfuko ulipokuwa umekauka na mavuno bado yako mbali. Bibi mmoja mwenye kadi yake moja ya halali akaambiwa dawa zimekwisha, arudi nyumbani. Alirudi. Kamati ya mfuko ikaona aibu, ikatafuta mtu wa kusafisha rejesta, ikampata mzee wa getini.

Watu wenyewe hawakujiona wezi. Wengi waliamini kadi ni kama dawa, na dawa mbili zinaponya haraka kuliko moja. Mama mmoja wa Gitting alimlaza mwanawe juu ya kadi zote mbili, ya shamba upande wa kichwa na ya kijiji upande wa miguu. Karani alipomwambia arudishe moja, aliuliza kwa wasiwasi, "Nirudishe ya juu au ya chini?"

*

Dereva mmoja wa kombaini, mashine ya kuvunia ngano, alikuwa anaitwa Petro shambani na Bura kijijini. Hilo halikuwa kosa. Kwetu mtu ana jina la ubatizo na jina la nyumbani, na yote ni ya kweli. Kosa lilikuwa kwamba Petro alikuja asubuhi na kadi ya shamba akapewa vidonge vya maumivu ya goti, halafu Bura akaja alasiri na kadi ya kijiji, akiwa na kofia nyingine na koti jingine, akisumbuliwa na goti. Mimi sikugundua lolote. Nilikuwa nimeshahesabu vidonge na ninamkabidhi, Karani aliposema kutoka chini kwenye kigoda, bila kuinua uso:

"Bura, ukifika nyumbani umsalimie Petro."

Yule dereva akarudisha mkono. Akatazama chini, akaona buti zake za shambani, ambazo hakukumbuka kuzibadilisha.

"Nitamsalimia, mzee."

"Mwambie goti lake amelisahau hapa."

Foleni nzima ikacheka. Dereva akacheka nao, akiwa amefunika uso kwa kofia, kisha akasema ukweli: goti lilikuwa la mama mkwe wake, asiyekuwa na kadi yoyote, na yeye, kwa heshima ya ukwe, hawezi kumwambia mama mkwe habari za magoti yake. Karani akafikiri kidogo. Kesho yake akaipanda baiskeli yake, akapanda nayo kilima mpaka kwa yule mama, akamwandikisha kadi yake mwenyewe kwa jina lake mwenyewe, akamfuta Bura rejestani, akarudi.

Wema huo aliujutia. Yule mama akawa anakuja kila Jumatatu, awe anaumwa au haumwi. "Nimelipa mwaka mzima," alikuwa anasema, akijiweka sawa kwenye benchi, "na mwaka una Jumatatu nyingi." Karani akimwona anapanda njia alikuwa anainuka kwenda kukagua tangi la maji.

*

Miaka ya kukaa karibu na kombaini ilimharibu masikio, kwa hiyo hakuzungumza, alitangaza. Kwenye zahanati hilo ni balaa. Mtu alikuja na ugonjwa wake wa siri, akamnong'oneza Karani anachokuja kutibiwa, na Karani akarudia kwa nguvu ili aandike sawasawa. Wanaume wazima walitoka mbio. Nilimwita pembeni, nikamweleza kwamba mambo ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Alinisikiliza kwa makini sana, akashukuru. Siku iliyofuata kijana mmoja alipoinama sikioni kwake, Karani akasema, kwa sauti ileile, "USIOGOPE, SISTA AMENIKATAZA KULITAJA."

Salamu nazo zilikuwa sheria. Asiyeamkia haandikwi. Kwa vijana hilo lilikuwa rahisi, lakini akija mzee wa rika lake, kazi ilisimama. Wote wawili waliona aibu kupokea shikamoo isiyo yao, na hakuna aliyejua alizaliwa mwaka gani. Basi walianza kutafuta: wewe ulitahiriwa msimu gani, ulikuwa unachunga ndama au ng'ombe walipokuja wale wapimaji wa ardhi, meno yako ya mwisho yalitoka lini. Meno hayakusaidia, maana maji yetu yameyatia meno ya watu wote wa kule rangi ya kahawia, mtoto na mzee ni wamoja. Nikiwa na wagonjwa ishirini nje, nilikuwa nasikia wazee wawili wakigombea nani amwamkie nani.

Na alikuwa na mambo yake yasiyolingana. Mtu huyu aliyewafuata watu mpaka mashambani kuwaambia wachague orodha moja, yeye mwenyewe Jumapili alianza misa ya kwanza kwa Wakatoliki, alikobatizwa, kisha akavuka korongo kwenda kuimba besi kwenye kwaya ya Walutheri, kwa sababu, alisema, Wakatoliki wana misa nzuri lakini hawana besi. Mwinjilisti wa Walutheri alimtania mbele yangu.

"Karani, mbona wewe umeandikwa makanisa mawili?"

"Kule hakuna anayelipwa mara mbili," akajibu. "Kama yuko, mnitajie, nimfute."

*

Jambo ninalotaka kulisema hasa ni la kadi tatu. Hili nilishiriki mimi mwenyewe, wala sijivunii.

Mwaka mmoja kamati ilimpa Karani rejesta za vijiji vyote vinavyotibiwa kwetu, ili azilinganishe. Alikaa nazo wiki nzima kama mtu anayechambua mchele. Akakuta jina la mfugaji mmoja wa Kibarabaig limeandikwa kama mkuu wa kaya mara tatu: kwetu, Gendabi, na kitongoji kimoja upande wa pili wa shamba. Mtu mmoja, kadi tatu. Nilimwona akifurahi kama aliyemkamata fisi. Akaacha kadi moja, ile ya kwetu, akapiga mstari kwenye mbili, akaniletea karatasi ya kadi zilizofutwa niibandike karibu na dirisha la dawa. Niliibandika.

Baada ya siku chache akaja mwanamke kijana, amevaa gauni la ngozi, mtoto wa kike wa mwaka mmoja hivi mgongoni. Mtoto alikuwa anakohoa. Alinipa kadi. Nikaitazama namba, nikatazama karatasi ukutani. Ilikuwa imefutwa. Foleni ilikuwa ndefu na mganga alikuwa ameenda wilayani. Nikamwambia kadi hii haifanyi kazi, arudi na fedha au amlete mume wake. Hakubisha. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na mimi sikujua lugha yake hata neno. Alichukua kadi, akaifunga kwenye pindo la nguo yake, akaondoka kurudi kule alikotokea, ambako nilikuja kujua ni mwendo wa saa tatu.

Siku ya tatu yake walikuja wanawake watatu wa Kibarabaig kwa pamoja. Aliyetangulia alikuwa mtu mzima, mrefu, bangili za shaba mpaka kwenye viwiko. Mtoto sasa alikuwa mgongoni kwake. Nilipomfunua, mbavu zilikuwa zinaingia ndani kwa kila pumzi. Sikuuliza kadi. Nilimchoma penisilini, nikamlaza, nikamwambia mama yake, yule kijana, akae naye asitoke. Halafu nikasikia sauti ya Karani nje.

"KADI HII NILISHAIFUTA, MAMA. MTU MMOJA HAWEZI KUWA NA KAYA TATU."

Yule mama mkubwa hakupandisha sauti. Alizungumza Kiswahili cha polepole, neno kwa neno.

"Wewe ulitafuta mwanaume mmoja. Ukampata. Vizuri. Sasa tafuta huyu mtoto. Ameandikwa mara ngapi?"

Karani akafungua rejesta ya kwetu. Akafungua ya Gendabi. Akafungua ya tatu, akapitisha penseli kwenye majina ya watoto, akarudi mwanzo, akapitisha tena.

"Mara moja," akasema.

"Na mimi?"

Akatafuta. "Mara moja."

"Na hawa wadogo zangu?"

"Mara moja. Kila mmoja mara moja."

"Na kila mmoja ametoa mchango wake. Tumeuza mbuzi watatu, si mbuzi mmoja." Akavuta kigoda cha Karani kilichokuwa wazi, akakikalia. "Tulikuwa boma moja, wake wa mume mmoja. Trekta zenu zikalima malisho, zikapita katikati yetu. Mimi nikabaki huku, huyu akaenda Gendabi, na huyu kule nyuma ya ngano. Tungekuwa pamoja, tungeandikwa pamoja. Wewe si ulikuwa getini? Hukuona?"

Nilikuwa nimesimama dirishani nikiwa na bomba la sindano mkononi. Kwa miaka yote niliyomfahamu, hapo tu ndipo Karani alipobanwa asiende kukagua tangi. Alizifunga rejesta moja baada ya nyingine. Kisha akaingia ndani, akasimama kando ya kitanda cha yule mtoto, akamtazama mbavu zile zikipanda na kushuka. Alipotoka alikwenda moja kwa moja ukutani, akabandua karatasi yake.

"Ni mimi niliyemrudisha, Karani," nikamwambia. "Si karatasi."

"Karatasi niliiandika mimi. Wewe ulisoma tu." Akaikunja. "Lakini siku nyingine, sista, soma na mtoto pia."

Yule mtoto alikaa kwetu siku tano. Siku ya nne alianza kuvuta kipimajoto changu, nikajua amepona.

Karani hakungoja siku tano. Alichukua baiskeli akaenda kuziona nyumba tatu kwa macho yake, akihesabu moto wa kupikia, maana alisema kaya ni moto. Alirudi jioni ya siku ya pili amepasukiwa gurudumu na ameungua jua, akaenda kwenye kamati. Mwenyekiti alimwonyesha kitabu cha taratibu: kaya ni baba, mama na watoto wao. Karani akamwuliza mama yupi. Mwenyekiti akasema kitabu hakijasema. Karani akasema basi na sisi tusikisemee. Walibishana mpaka wakakubaliana kwamba palipo na wake wengi, kadi itaandikwa kwa jina la mama wa nyumba, na watoto wake chini yake, ili asiwepo anayelipiwa mara mbili na asiwepo anayesahaulika.

Kwenye mkutano wa kijiji alisimama mbele ya watu, akavua kofia. "Nilikosea," akasema.

Mzee mmoja nyuma, ambaye alikuwa amemfahamu tangu getini na hakuwahi kusikia neno hilo likitoka kwake, akauliza, "Umesemaje?"

Karani akadhani hajasikika. Akajaza kifua. "NIMESEMA NILIKOSEA!"

Watu waliokuwa wanateka maji bondeni walilisikia.

Lakini likabaki suala la yule mwanaume mwenyewe, ambaye sasa hakuwa kwenye kadi yoyote. Alikuja na fimbo yake na wake zake wote watatu, amekasirika kidogo.

"Zamani nilikuwa na kadi tatu. Leo sina hata moja. Mimi niko wapi?"

"Kadi ni moja tu kwa mtu mmoja," Karani akamwambia. "Chagua nyumba utakayougulia."

Wagonjwa wote kwenye benchi wakageuka. Yule mwanaume alimtazama mke wa kwanza, akamtazama wa pili, akamtazama wa tatu, nao wakamtazama yeye. Jasho likamtoka asubuhi ile ya baridi.

"Mimi," akasema hatimaye, "sitaugua."

"Mwandike kwangu," yule mama mkubwa akasema, bila haraka. "Afya yake iko kwao. Lakini akiumwa tumbo huwa anakuja kwangu."

Wale wadogo wawili walicheka mpaka wakashikana mikono. Karani akaandika. Tangu hapo, kabla ya kumfuta mtu yeyote, alikuwa anapanda baiskeli kwanza.

*

Miaka ikapita. Shamba la ngano likadhoofika, kombaini zikawa zinasimama uwanjani zinaota kutu, kisha ardhi ikagawanywa. Mimi nilihamishiwa hospitali ya mjini, wodi ya akina mama waliofanyiwa upasuaji. Karani alistaafu, akarudi kulima na kufuga huko mlimani. Nilisikia habari zake kwa watu, kisha nikaacha kusikia.

Asubuhi moja nilikuwa nagawa dawa, nikamkuta mkewe kitanda cha tano. Walikuwa wamemtoa uvimbe tumboni. Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini yeye hakuwa vizuri. Alikuwa amegeukia ukuta, hali chakula, hazungumzi, hata mimi aliponitambua alinipa mkono tu bila neno. Daktari alisema mwili unapona ila moyo umekata tamaa, na mgonjwa wa namna hiyo anaweza kututoka. Karani alikuwa anakuja kila siku kwa basi la asubuhi, akikaa pembeni ya kitanda na chupa ya uji mapajani, uji ambao jioni aliurudisha nyumbani ulivyo. Alikuwa amekonda kuliko mgonjwa. Koti lilimning'inia.

Siku ya tatu aliniita kwa kidole.

"Sista, nina jambo la siri."

Wanawake wote wa wodi ile wakageuka kusikiliza, maana siri ilikuwa imeshawafikia.

"Ng'ombe amekataa kukamuliwa. Amezoea mkono wa mama. Mimi nikisogea anabana maziwa. Leo siku ya nne, chuchu zimevimba."

"Sasa umefanyaje, mzee?"

Akatazama huku na huku. "Nikavaa gauni lake."

Mama mmoja wa kitanda cha dirishani akajiinua kwenye mto. "Gauni gani, baba?"

"La maua lilinikataa mabegani. Nikavaa lile la kanisani. Nikafunga na kitambaa kichwani, kama anavyofunga yeye. Nikachukua ndoo, nikaenda nikiimba ule wimbo anaoimbaga zizini."

Niliona blanketi la kitanda cha tano likisogea kidogo. Bado alikuwa ameelekea ukuta.

"Ng'ombe akakubali?"

"Ng'ombe alinitazama muda mrefu sana. Nikachuchumaa. Akanusa kitambaa. Nikashika chuchu, tone moja, mawili, nikasema asante Mungu. Ndipo katekista akaingia uani." Karani akafuta jasho. "Alikuja kuulizia hali ya mgonjwa. Mimi nimempa mgongo, siwezi kugeuka. Akasema, 'Tumsifu Yesu Kristo, mama! Kumbe umesharudi! Mungu ni mwema!'"

Wodi ililipuka. Mama wa dirishani alipiga kitanda kwa kiganja. Na katikati ya kelele hizo nikasikia kicheko nilichokuwa nimekisahau, cheko la ghafla, kikitokea upande wa ukuta. Mkewe alikuwa amegeuka, mikono yote miwili imeshika tumbo, machozi yanamtoka.

"Niache, jamani, mshono! Utanipasua!" Akavuta pumzi. "Na wewe ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini? Nikaitikia: Milele amina."

Akacheka tena, akilia kwa maumivu, akimpiga Karani begani kwa mkono wenye mpira wa dripu, nami nikawahi kuushika usichomoke. Karani hakucheka. Alikuwa anamtazama mkewe usoni, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo.

Kicheko kilipotulia, mkewe akapangusa macho kwa shuka. Akaitazama ile chupa mapajani.

"Una nini humo?"

"Uji."

"Umepika wewe?"

"Mimi."

"Basi una mabonge. Lete."

Karani alijaribu kufungua kifuniko, kikamshinda. Nikaichukua chupa kwake, nikaifungua, nikamimina kwenye kikombe. Karani alinishika mkono wa sare.

"Sista," akasema, "ameomba uji."

"Nimesikia, mzee."

"Ameomba mwenyewe," akasema.